Tatoo Si Hina

Kazi yangu ni kupaka hina. Miaka 11 sasa nimo humo, hapa Malindi: harusi za Shela na Barani, wageni wa hoteli za Casuarina ifikapo Desemba, wasichana wa shule wakifunga muhula. Ngozi ya mkono naijua kwa kuishika tu. Ipi itakolea usiku mmoja, ipi ina jasho la kuharibu mchoro, ipi imechakazwa na sabuni ya kufulia. Basi nilipoamua kuchorwa tatoo, habari ya kuitunza sikumuuliza mtu. Nilijiona mimi ndiye wa kuulizwa. Makosa yote nitakayoyasimulia hapa yalianzia hapo.

Siku hizi haipiti wiki bila msichana kunishika mkono wa kushoto nikiwa nampaka, akautazama mchoro wangu na kuuliza, "Uliumwa sana, dada?" Kuchorwa kwenyewe kulichukua saa mbili na nusu, na maumivu yake nilishayasahau. Wiki sita zilizofuata ndizo sijazisahau, na hizo hakuna anayeniuliza. Huwa najaribu kuwaeleza koni ya hina ikiwa mkononi, lakini mteja wa hina ana haraka, na mimi pia nina haraka. Acha niyaandike yote kwa utulivu.

Mchoro ni tawi la mhina. Hawe yangu, yaani bibi kwa lugha yetu Wagiriama, alikuwa na mhina nyuma ya nyumba yake kule Ganda. Alikuwa akiyachuma majani, akayaanika kivulini, akayatwanga kwenye kinu kilichotengwa kwa kazi hiyo peke yake. Mimi ndiye niliyechekecha unga kwa kitambaa chepesi, na vidole vyangu vilikuwa vyekundu tangu sijaanza shule. Alipofariki, nyumba ilibomoka, na mhina ukakatwa kupisha ujenzi. Hina nimejipaka mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila mara huondoka baada ya wiki mbili. Nilitaka hili moja lisiondoke.

Mama hakufurahi, wala hakunikataza. Alisema tu kwamba hawe naye alikuwa na chale tumboni, alizochanjwa akiwa msichana, na kwamba zilipona vizuri kwa sababu wanawake wazima walikaa naye mpaka zikakauka. "Wewe atakaa na wewe nani?" akaniuliza. Nikamjibu mimi ni mtu mzima.

Fundi nilimtafuta vizuri, na hapo sijuti. Bei yake ilikuwa shilingi 6,500, na kulikuwa na wengine wa bei nafuu zaidi. Yeye alifungua pakiti ya sindano mbele ya macho yangu, akavaa glavu mpya, akamimina wino katika vikombe vidogo kama vifuniko vya chupa, na uliobaki akautupa. Sindano alizitia katika boksi la manjano, lile unaloliona hospitali. Hayo yaangalie kabla hujakaa kitini, kwa maana sindano iliyopita katika mwili wa mwingine inaweza kubeba virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI. Nilichagua wino mweusi mtupu. Aliniambia kwamba rangi nyekundu ndiyo inayoongoza kwa kuwaletea watu mzio.

Alipozima mashine alinieleza la kufanya nyumbani. Wakati huo nilikuwa kwenye simu, napatana bei na mama wa bibi harusi. Nikawa natikisa kichwa. Niliyoyashika yalikuwa mawili: osha, halafu paka mafuta. Saa ngapi, kwa maji gani, mafuta gani, kiasi gani, hayo yote yalinipita. Omba maelezo uandikiwe kwenye karatasi au utumiwe kwenye simu. Mtu aliyechomwachomwa kwa saa mbili hana masikio, hata asipokuwa na mteja kwenye laini.

Jambo ambalo sikulielewa, na ambalo kila mtu wa pwani aliyezoea hina anapaswa kulielewa kabla ya mengine, ni hili. Hina hukaa juu. Hupaka rangi tabaka la ngozi iliyokwisha kufa, lile linalopukutika kila siku, ndiyo maana mchoro hufifia ukaisha. Sindano ya tatoo hupita tabaka hilo lote na kuacha wino katika ngozi ya ndani, kina cha milimita moja hadi mbili, na hufanya hivyo mara maelfu. Wino hubaki kwa sababu chembe za kinga za mwili huumeza na kukaa nao palepale. Kwa hiyo siku ya kwanza mtu hana pambo mkononi. Ana kidonda chenye matundu maelfu, kimekaa wazi, na kinahitaji yale ambayo kidonda chochote kinahitaji. Hina inataka ikae muda mrefu, ipate joto, ifunikwe, isiguswe na maji, ipakwe mafuta mengi, ikikauka ikwanguliwe. Katika hayo, hakuna hata moja linaloifaa tatoo. Mimi nilifanya karibu yote.

Fundi alikuwa ameufunga mkono kwa nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, niitoe baada ya saa chache. Nililala nayo. Hina iliyolala usiku kucha ndiyo inayokolea, na mikono yangu ilifuata mazoea yake. Ilikuwa Novemba, kaskazi limeanza na joto lake, na usiku ule stima ilipotea kwa hiyo hata feni haikuwapo. Asubuhi ndani ya ile nailoni kulikuwa na dimbwi: jasho, majimaji ya mwili, damu kidogo na wino, vyote vimechanganyika na vimepata joto saa kumi nzima. Wino kutoka na majimaji siku ya kwanza na ya pili ni kawaida, usiogope ukiona shuka limepata madoa meusi. Kisicho kawaida ni kuyafungia majimaji hayo yakae juu ya kidonda.

Nikaosha. Maji ya mtungi yalikuwa yamekwisha, nikachota ya kisima cha jirani, na visima vya mtaani kwetu vina chumvi. Sabuni ilikuwa ile ya kuogea yenye manukato. Kidonda kiliwaka. Nikakaushia kwa taulo la kuogea tunalotumia watu watatu. Kisha nikafungua sanduku langu la kazi nikatoa mafuta ya nazi niliyotia matone ya karafuu, yale ninayowapaka mabibi harusi baada ya kukwangua hina ili rangi ing'ae. Nikapaka kwa wingi, mkono ukawa unateleza.

Karafuu huunguza ngozi iliyochubuka. Nilihisi kama nimemwagikiwa na chai, nikajisemea ni dawa inafanya kazi.

Siku ya tatu mkono ulikuwa mzito na ngozi imevutika. Ya nne ukaanza kuwasha, na mwasho wa tatoo si mwasho wa mbu. Unatoka ndani, unakuja kwa mawimbi, na usiku ndio mbaya zaidi. Vigaga vyembamba vilikuwa vimeanza kuota juu ya majani ya mchoro. Jani moja, la tatu kutoka chini, lilikuwa na kigaga kinene, kwa sababu hapo mafuta yangu yalikuwa yamelowesha sana kikawa kinakauka na kulainika, kinakauka na kulainika. Nilikuwa nimekaa barazani namsubiri mteja. Kidole gumba kikaenda chenyewe, jinsi kinavyokwenda kukwangua hina iliyokauka, na kigaga kikatoka chote. Upande wake wa chini kulikuwa na wino. Nilikiangalia kipande kile kwenye ukucha, cheusi, na nikajua nimebandua kipande cha tawi la hawe. Nililia pale barazani, na mteja aliponikuta nikamwambia ni vumbi.

Ukiwashwa, piga eneo hilo polepole kwa kiganja safi, au weka chupa ya maji baridi iliyofungwa kwa kitambaa safi juu ya nguo, si moja kwa moja kwenye kidonda. Vigaga viache vianguke vyenyewe. Kama shuka limegandana na mkono asubuhi, usivute: limwagie maji safi ya uvuguvugu, subiri, litajiachia.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Wapwa zangu walikuwa wamekuja kutoka Mariakani, wanataka bahari, tukaenda nao upande wa jeti. Mvua za bara zilikuwa zimenyesha na Sabaki ulikuwa umefurika, na upepo wa kaskazi huyasukuma matope ya mto ule kusini hadi kwenye ghuba yetu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilisimama nayo yakinifika magotini, jani langu lile limechubuka, na yakanijia maneno niliyoyasikia tangu utotoni, kwamba maji ya chumvi hukausha vidonda. Wavuvi wanasema. Wazee wanasema. Nikauzamisha mkono mpaka kiwikoni, nikaushikilia humo makusudi, nikihesabu.

Nawaomba wenzangu wa pwani tuzungumze ukweli kuhusu jambo hili. Maji ya chumvi ambayo muuguzi husafishia kidonda ni maji yaliyochemshwa au kutengenezwa safi, yenye kipimo chake cha chumvi. Bahari ni kitu kingine. Ndani yake kuna viumbe hai, kuna kinachoteremka na mto kutoka mashamba na miji yote unayopitia, kuna kinachotoka mitaroni kwetu wenyewe. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ Case Reports lilichapisha habari ya mtu wa miaka 31 aliyeogelea katika Ghuba ya Mexico siku 5 baada ya kuchorwa tatoo. Ini lake lilikuwa na ugonjwa kabla ya hapo. Bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, anayestawi katika maji ya bahari yenye joto, alipata njia kwenye ule mchoro, na miezi kama miwili baadaye mtu yule alifariki hospitalini. Siku 5, sawa na mimi. Habari hiyo niliisoma baadaye, usiku, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya mto, na sikupata usingizi tena.

Mpaka ngozi ifunge, na hilo huchukua wiki mbili hadi nne, usiingie baharini, usiingie bwawa la hoteli, usiloweke mkono kwenye beseni la nguo. Kuoga kwa kujimwagia maji hakuna ubaya. Kulowesha ndiko kubaya.

Jumatatu mkono ulikuwa umevimba. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima, na si kwa uzembe. Nilikuwa nimetafuta maelezo kwenye simu, na karibu yote yalisema jambo moja: ukiona wekundu unaoenea, nenda hospitali. Mimi ni mweusi. Nilikaa mlangoni penye mwanga nikautafuta wekundu na sikuuona, nikajituliza kwamba basi bado ni kawaida. Maelezo yale hayakuandikwa kwa kuitazama ngozi kama yangu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, au mahali pale pakawa peusi zaidi, au pa rangi ya zambarau, panang'aa kama pamepakwa mafuta hali hukupaka. Kwa hiyo usitegemee macho tu. Weka mgongo wa mkono mwingine juu ya mchoro, kisha juu ya mahali pale pale kwenye mkono mzima, ulinganishe joto. Bonyeza pembeni ya mchoro: pamekuwa pagumu? Maumivu ya tatoo yanatakiwa yapungue kila siku. Yakipungua kisha yakarudi siku ya sita au ya saba, hiyo ni ishara tosha, hata kama huoni kitu. Usaha mzito wa manjano au wa kijani, harufu, homa na kutetemeka, michirizi inayopanda mkono kuelekea kwapani, hizo ni za kwenda siku hiyohiyo bila kungoja kesho.

Badala ya kwenda, nilimsikiliza jirani. Aliniletea kapsuli mbili za dawa ya bakteria zilizobaki kwa mtoto wake, akanionyesha jinsi ya kuzifungua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Nusu ya Malindi inafanya hivyo, najua, na jirani alifanya kwa kunipenda. Lakini dawa ya kumeza imetengenezwa imezwe. Ule unga uliganda na usaha ukawa kama sementi, na chini yake mambo yakaendelea kuharibika bila mimi kuyaona.

Jumanne usiku homa ilipanda. Nilikuwa nimeuficha mkono kwa mtandio siku zote hizo, mama asiuone. Usiku ule aliniletea uji, akaushika ule mtandio akaufunua bila kusema neno. Aliuangalia mkono kwa muda mrefu. Nilingoja anilaumu. Alichosema ni, "Tafuta viatu," kisha akapiga simu ya bodaboda.

Kwenye kliniki daktari alianza kwa kuuloweka ule ukoko kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka ukalainika, akausafisha polepole kwa shashi. Halafu alichukua kalamu akachora mstari kuuzunguka uvimbe, na kando yake akaandika saa. "Huu ukivukwa kabla ya kesho jioni, unarudi hapa hata kama ni saa nane za usiku," akaniambia. Nilipewa kapsuli za flucloxacillin, dawa ya kuua bakteria, mara 4 kwa siku kwa siku 7, tumbo likiwa tupu, na sharti la kuzimaliza hata nikijiona nimepona. Nilichomwa sindano ya pepopunda, kwa sababu sikukumbuka mara ya mwisho niliichomwa lini. Aliniuliza pia kama nina kisukari, na kama masikio yangu yalifanya makovu ya kuvimba nilipotogwa. Maswali hayo mawili yalipaswa kuulizwa kabla ya sindano ya kwanza ya fundi. Kisukari huchelewesha vidonda kupona. Na makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe huwapata zaidi watu weusi. Kama la sikio, la chanjo au la upasuaji limewahi kukufanyia hivyo, zungumza na daktari kwanza, na uwe tayari kusikia kwamba tatoo si yako.

Uvimbe haukuvuka mstari. Alhamisi ulikuwa umerudi ndani kiasi cha ukucha, na mstari wa kalamu ukabaki peke yake kwenye ngozi nzima. Niliuacha mpaka ukafutika wenyewe.

Hesabu ya gharama naitaja bila kuficha. Tatoo 6,500. Kliniki, dawa, sindano, shashi na bodaboda za kwenda na kurudi, 3,850. Harusi mbili nilizozikataa, maana bibi harusi hawezi kupakwa na mtu mwenye usaha mkononi, 14,000. Jumla 24,350. Sabuni, losheni na tishu ambazo zingenitosha tangu mwanzo nilikuja kuzinunua kwa shilingi 900.

Baada ya hapo nilianza upya, na mama akisimamia. Tulichemsha maji kila jioni, tukayaacha yapoe katika sufuria yenye kifuniko, kwa kazi hiyo tu. Kwanza naosha mikono yote miwili, hasa kucha, maana kucha za mpakaji wa hina huwa na mambo ndani yake. Kisha naosha mchoro kwa vidole, bila dodoki, kwa sabuni isiyo na manukato, mara mbili kwa siku, mara tatu nikitoka kwenye vumbi. Nafyonza maji kwa tishu, kwa kugusa bila kusugua. Nauacha upate hewa dakika kumi. Halafu mafuta, na hapa ndipo wengi wanapokosea kama nilivyokosea: kiasi cha punje ya choroko kinatosha kwa mchoro wa ukubwa wa kiganja. Ukimaliza kupaka, ngozi iwe na unyevu tu, isiwe inang'aa. Mafuta ya mgando yakiwa mazito hufunga joto na jasho, na Malindi jasho halihitaji kusaidiwa. Mafuta mepesi ni ya siku tatu za kwanza hivi, baada ya hapo losheni ya kawaida isiyo na harufu. Watu waliniletea liwa, manjano, shubiri ya uwani na maji ya mwarobaini. Niliwashukuru wote na sikupaka hata kimoja. Vina kazi zake, lakini kidonda kilichofunguka si mahali pa kujaribia kitu ambacho hujui kimeguswa na nini.

Nzi ni tatizo ambalo maelezo ya ng'ambo hayalitaji. Nilishona mkono mpana wa pamba kutoka kwenye leso kuukuu, laini, ukafika kiganjani bila kubana, na niliubadilisha kila siku. Ulinikinga na nzi, vumbi la bodaboda na jua kwa pamoja. Jikoni nilikaa mbali na samaki wabichi na mafuta ya kukaangia. Na kazini nilirudi baada ya wiki tatu tu, nikivaa glavu.

Wiki ya tatu ngozi ilianza kupukutika, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, vingine vikiwa na rangi. Hapo nilidhani naipoteza tatoo yote. Nilimpigia fundi simu saa tatu usiku, na safari hii nilimsikiliza. Alinieleza kwamba kinachotoka ni ngozi ya juu tu pamoja na wino uliokwama humo, na kwamba chini yake mchoro ungeonekana umefifia, kama umefunikwa na kioo chenye mvuke, mpaka ngozi mpya ikomae. Ilikuwa hivyo kweli. Kufikia wiki ya sita mistari ilikuwa imerudi kuwa myeusi. Juu inakuwa imefunga kwa wiki mbili hadi nne ukiitunza, lakini ndani mwili unaendelea kujishona kwa miezi, kwa hiyo usiitendee kama imepona kwa sababu tu haiumi.

Jua ni adui wa kudumu. Tatoo mbichi isiote jua hata kidogo, wala isipakwe krimu ya kukinga jua mpaka ngozi ifunge. Ikishapona, krimu ya kiwango cha SPF 30 au zaidi huzuia wino kufifia, lakini krimu hizo ni ghali huku kwetu. Mkono wa nguo hufanya kazi ileile bure.

Kuna jambo moja la kazi yangu ambalo lazima niliseme hapa, kwa kuwa nakutana nalo kila msimu. Wapo wanaoogopa tatoo wakaomba wachorwe piko, yaani mchoro mweusi wa kupaka, wakidhani ni salama kwa sababu inatoka. Hina halisi haina weusi wa wino. Piko nyeusi inayokolea kwa nusu saa mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD, na kemikali hiyo ikikaa kwenye ngozi inaweza kutoa malengelenge yakafuata mchoro mstari kwa mstari, yakaacha alama. Mwili ukishaikataa, utaikataa maisha yote, hata ukija kupaka nywele rangi uzeeni. Niliacha kuitumia, na nimepoteza wateja kwa hilo. Kama piko imewahi kukuunguza, mwambie fundi wa tatoo kabla hajawasha mashine.

Jani la tatu lilibaki na pengo, na ukingoni mwake pana kijinundu kidogo ninachokihisi kwa kidole. Fundi alikataa kuligusa mapema. Alisema tungoje miezi mitatu kwa uchache, na mimi nikaongeza mingine nikachagua Mei: hoteli nyingi zimefungwa, harusi hakuna, bahari imechafuka kwa kusi na hakuna mpwa wa kunivuta ufukweni. Safari hii simu niliizima nikaitia mkobani. Kazi ilichukua dakika ishirini. Aliniandikia maelezo kwenye karatasi, nikayasoma mbele yake, nikamuuliza mawili nisiyoyaelewa.

Nilipofika nyumbani sufuria ilikuwa imeshapoa. Mama alikunja mikono ya gauni lake, akaniambia niinamie beseni, akachota kwa kata na kuanza kunimiminia taratibu, huku akihesabu majani kwa sauti ya chini.